Punje Moja Katika Lori Zima

Ndugu zangu wa Mtinko, fungueni Danieli sura ya 1, ile tunayoisoma mbiombio ili tuwahi tanuru la moto na tundu la simba. Mwawakimbilia simba wa nini? Kitabu kile kimeanzia mezani! Vijana wanne wa uhamishoni wamepangiwa posho ya mfalme na divai yake, na Danieli hataki. Lakini mtazameni anavyokataa. Hapigi kelele, wala hasemi ameoteshwa. Anamwomba msimamizi awajaribu kwa siku kumi, kisha awapange pamoja na waliokula vya mfalme, azikague nyuso. Na chakula alichokiomba, wafasiri wa Biblia ya Union walikiita nini? Mtama! Mtama huu huu wa Singida, ambao siku hizi tunawatupia kuku na kujiona tumestaarabika kwa sembe.

Siku kumi zikatimia. Msimamizi akatazama, akalinganisha, akaiondoa ile posho. Amri ya mezani ilibadilika kwa sababu mtu alijaribu, akaona, akakubali alichokiona. Basi nani aliyewadanganya kwamba mtu wa maabara ni adui wa mtu wa madhabahu? Na ninyi majirani zetu Waislamu, Nabii Yusuf katika sura yake hakuwaamuru watu waziache nafaka ndani ya mashuke yake, isipokuwa kile kidogo cha kula? Hiyo ni elimu ya ghala, imo katika Kitabu.

Sasa sikieni habari za jirani. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, mikoa tunayopakana nayo, watu walianza kutapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya manjano. Ingekuwa hapa tungesema wamelogwa, mnajua tungesema hivyo. Watafiti wakaenda nyumba kwa nyumba, wakachukua mahindi, wakapima, na mchawi akapatikana: sumukuvu. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na kati yao 20 tukawazika. Ishirini! Kenya walikwisha kuonja uchungu huo mwaka 2004, Makueni, Kitui na kwingineko: wagonjwa 317, vifo 125.

Nami nataka mlishike neno moja kabla hamjaanza kusinzia. Wale wa Dodoma na Manyara hawakuuawa na mahindi ya dukani. Walikula mahindi waliyoyalima, wakayavuna na kuyahifadhi wao wenyewe, kwa shukrani, na pengine kwa sala.

Sheria ipo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinasema sumukuvu ya aflatoksini katika mahindi isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kidogo kiasi gani? Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu: chukua lori la tani 30, lijaze mahindi, kisha itafute punje moja tu. Uzito wa punje hiyo moja, ukiwa sumu tupu, ndio mwisho wa ruhusa kwa lori zima! Nani mwenye jicho la kuiona? Nani mwenye ulimi wa kuionja? Haina harufu, na moto wa ugali hauiui. Tangu 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula iko kwa Shirika la Viwango, TBS, nao hukagua viwanda na maduka. Lakini afisa wa TBS hapandi kwenye kihenge chako, mama. Sheria inaishia sokoni. Kutoka hapo hadi kwenye sufuria, mkaguzi ni wewe.

Tena kuvu linalotoa sumu hiyo halingoji ghala. Mahindi yakikosa mvua yakiwa shambani, na wadudu wakiyatoboa, linaingia. Tukiyaanika juu ya udongo mtupu, linaingia. Tukiyafungia kwenye gunia yangali na unyevu kwa kuogopa wezi, linazaliana. Dawa yake haina siri: anika juu ya turubai au chanja, kausha hadi punje ilie ukiiuma, chambua zilizooza na zilizovunjika, hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Karanga ndizo zichambuliwe kwa ukali zaidi, maana ndizo tunazosagia unga wa lishe wa watoto, tukidhani tunawajenga.

Na zile mbovu mnapeleka wapi? Najua. Kwa wapika pombe na kwa kuku. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga zilizoota kuvu, na ndivyo sumu hii ilivyojulikana. Ninyi mnaojisifu kwa kuku wa Singida, mnawalisha nini? Na mlevi je, ini lake si ini?

Pale Haydom, ambako wengi wetu tumewapeleka wagonjwa, watafiti walipima damu za watoto wa miaka miwili. Watoto saba hivi katika kila kumi walikuwa na alama ya aflatoksini. Je, ndiyo iliyowadumaza? Watafiti walisema wazi kwamba kwa watoto wale hawakuuona uhusiano huo. Waliuona uzito mdogo ukifuatana na sumu nyingine ya mahindi, fumonisini. Nawapenda kwa ukweli huo. Wangeweza kutia chumvi wapigiwe makofi. Sisi wahubiri tungetia.

Mheshimiwa diwani, nawe usijifiche nyuma ya nguzo. Ondoa sokoni ile hofu ya kupima! Kipimo cha unyevu ni kitu cha kushika mkononi. Kijiji kinachochangia harusi kwa mamilioni hakishindwi kukinunua. Na halmashauri itakapokaa kupanga bajeti ya lishe, iulize mahindi ya shule yamepimwa lini.

Kwa upande wetu, nimemwomba mwenye turubai kubwa la misiba atuazime wakati wa mavuno. Anahofia panya watalitoboa. Nimemwambia nitalishona mwenyewe.