Punje Isiyoanguka



Kijana mmoja aliyesoma chuoni kwangu, na ambaye sasa ni bwana shamba wilayani Kilosa, alinijia na masuke mawili. Moja lilikuwa la mtama uliolimwa karibu na Mikumi. La pili lilikuwa la mtama mwitu, jamaa yake, uotao wenyewe kandokando ya mashamba. Aliyakung'uta yote mawili juu ya mkeka. Punje za mtama mwitu zikapukutika. Za mtama wa shambani zikabaki pale pale.

Akasema: "Maalim, mwaka 2012 wataalamu walieleza sababu yake. Ndani ya mmea mna jeni, yaani agizo la urithi, liamrulo pajengeke mahali pa kukatikia punje. Katika mtama mwitu jeni hiyo ni nzima. Katika mtama wetu imeharibika au kudhoofika, tena kwa njia tatu mbalimbali. Jeni iliyo jamaa ya hiyo imebadilika pia katika mpunga na mahindi. Basi ikiwa chakula chetu kimetokana na kasoro, hekima iko wapi?"

Swali hili si la kupuuzwa, wala mwenye kuuliza si wa kukemewa.

Kwa mtama mwitu, kupukutika ndiko kuzaa kwake. Watu walianza kuulima mtama upande wa mashariki ya Sudan, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wavunaji wale hawakujua habari za jeni. Walichukua nyumbani masuke ambayo punje zake hazijaanguka, wakapanda hizo, mwaka baada ya mwaka, hata jamaa wawili wakaachana. Kilichokuwa kasoro kwa mmea kikawa riziki kwa mwanadamu. Sura ya Ar-Ra'd, aya ya 4, yatukumbusha mashamba jirani yanyweshwayo maji mamoja, na mazao yake yakazidiana kwa ladha. Kuijua sababu hakumwondoi Aliyeiweka.

Lakini jambo haliishii hapo. Mtama wetu ukiachwa bila mkulima, punje hukaa sukeni mpaka ziliwe na kweleakwelea au zioze. Ulipopoteza njia ya kujitawanya, uliingia chini ya mkono wetu. Na mwenye kula kwa udhaifu wa mwenziwe amekwisha kuwa mlinzi wake, atake asitake.

Sasa tutazame majumbani mwetu hapa pwani. Wamo mabinti waliotoka bara, hata huko Kilosa, watupikiao na kutulelea watoto. Binti huyo hana mama karibu, wala nauli ya kumrudisha kwao. Upungufu huo ndio umwekao jikoni kwetu, nasi twala kwa upungufu huo. Je, ujira wake twampa kwa wakati, au twamwambia atauchukua siku ya kuondoka? Akiugua twampeleka hospitali, au twampeleka stendi ya basi?

Nilimjibu yule kijana: "Mwanangu, hekima ya kasoro hii ni kwamba imetufanya sisi kuwa wenye kuulizwa." Akaziokota punje za mkekani, akazifunga kitambaani, akaenda zake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitambua amana zetu kabla hatujaulizwa habari zake. Amin.