Yule Tunayempita Njiani

Mgeni apitaye Tlawi huwapita wazee wenye majembe begani, wala hawaulizi habari. Je, angemtambua John Stephen Akhwari, mzaliwa wa nchi hiyo ya Mbulu? Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki kule Mexico, alianguka akaumia goti vibaya. Saa nzima na zaidi baada ya ushindi wa Mamo Wolde wa Ethiopia, watu wengi wamekwisha kutoka, akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, akamaliza wa 57, yaani wa mwisho. Dunia ikamsifu. Naye akarudi Mbulu, akalima.

Maria Magdalena alimdhania Bwana Mfufuka kuwa mtunza bustani. Wale wawili wa Emau nao hawakumjua. Lakini walimsihi alale kwao wangali wakimwona mpita njia tu. Hapo ndipo penye uzito! Vijana wetu, tusifichane, humkimbilia mwenye picha gazetini, na babu asiyejulikana husimama garini hata mwisho wa safari. Wazazi, jioni hii waulizeni: yule babu aliketi?