Lebo Mpya, Kanuni Ileile

Katika Linux yenye SELinux, mfumo wa ulinzi ambao NSA, idara ya ujasusi ya Marekani, iliutoa hadharani mwaka 2000, kila faili hubeba lebo. Lebo hutaja aina ya faili, na kanuni za mfumo huamua programu ipi iguse aina ipi.

Ukiandika ukurasa wa tovuti ndani ya saraka yako ya nyumbani, hupewa lebo ya nyumbani. Ukiuhamisha kwa mv hadi saraka ya tovuti, huenda na lebo yake ya zamani, na seva hukataliwa kuusoma. Ukiunakili kwa cp, nakala huzaliwa na lebo ya mahali pale. Maneno ni yaleyale, herufi kwa herufi, lakini mmoja unasomwa na mwingine unazuiwa.

Tiba ya haraka ni chcon. Amri moja tu, lebo inabadilika, ukurasa unafunguka, aliyekuwa akilalamika anashukuru. Ila chcon haigusi kanuni. Siku mtu akipitisha restorecon, lebo ya zile kanuni inarudi. Ukitaka badiliko lidumu, andika kwanza kanuni kwa semanage fcontext, ndipo upitishe restorecon.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, na tofauti hiyo hunirudisha kwenye swali moja: huruma isiyogusa kanuni ni wema, au ni kuahirisha haki? Mwanafunzi ambaye mkopo wake umechelewa huzuiwa mtihani. Karani mwenye moyo humwachia. Muhula unaofuata jina limezuiwa tena, na karani amehamishwa. Mwenzake asiyemjua karani hakupita hata mara ya kwanza.

Sisemi karani afunge moyo. Mwenye mtihani saa mbili asubuhi hawezi kusubiri kikao cha seneti. Wala sikubaliani na wanaochoka wakaandika setenforce 0, mlinzi akabaki na daftari lake, anaandika majina ya wanaopita bila kumzuia yeyote. Geti lina kazi yake.

Lakini upendeleo ukitolewa mara ya tatu kwa sababu ileile, tatizo si la mwanafunzi tena. Kanuni ndiyo yenye kasoro, na aliyeiona ana deni. Leo amfungulie huyu. Kesho apeleke hoja kikaoni, ili anayefuata apite bila kulazimika kumjua mtu.