Wasalimieni kwa Majina

Somo: Warumi 16:1–16, 21–23

Wengi wetu tukifika sura ya mwisho ya Warumi huipitia haraka, tukiona ni majina matupu. Lakini kwa anayejiandaa kukutana na wenzake wa kidato cha nne baada ya miaka mingi, sura hii ina neno zito. Paulo alipoiandika alikuwa hajakanyaga Rumi. Alitamani sana kwenda, na kabla hajafika akatanguliza salamu kwa watu zaidi ya 20, kila mmoja kwa jina lake.

Tazama anavyowakumbuka. Priska na Akila alishona nao mahema Korintho, baada ya Kaisari Klaudio kuwafukuza Wayahudi Rumi. Tena walikuwa tayari kufa kwa ajili yake. Mariamu anakumbukwa kwa jinsi alivyojitaabisha. Androniko na Yunia walifungwa pamoja naye. Mama yake Rufo, Paulo anamwita mama yake pia. Cheo cha mjini kinatajwa mara moja tu, cha Erasto mtunza hazina, na mstari huohuo unamtaja Kwarto, ambaye hana cheo kingine ila ndugu.

Hapo ndipo tunapofundishwa. Siku ya kukutana ikikaribia, kundi la WhatsApp hujaa picha za zamani, na swali linalofuata ni moja: siku hizi uko wapi, unafanya kazi gani? Swali si baya, ila kuna anayelisoma akanyamaza. Biashara yake ilianguka, au ndoa ilivunjika, au alipata sifuri kwenye mtihani wa taifa na tangu hapo anajiona si wa kundi letu. Mchango wa ukumbi nao hana, na kusema anaona aibu.

Matokeo ya mtihani yalitupanga kwa madaraja. Lakini Paulo anamsalimu Apele kama mtu aliyekubaliwa katika Kristo, na maneno "katika Kristo" na "katika Bwana" anayarudia karibu na majina mengi. Thamani ya watu hawa inatoka kwa Yule aliyewakubali, wala haingojei ripoti ya maisha yao.

Basi wiki hii andika majina. Nani alikugawia sabuni hela ya matumizi ilipokwisha? Nani alikuelekeza hesabu wakati wa prepo hadi ukaelewa? Nani alikupeleka zahanati usiku ulipopandwa na homa? Nani alikualika mara ya kwanza kwenye kipindi cha UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo? Mshukuru Mungu kwa kila mmoja. Waliotangulia mbele ya haki, uliza habari za watoto wao. Kisha mpigie simu yule aliyenyamaza, umwambie wema wake unaoukumbuka kabla hujamuuliza lolote. Kama kikwazo ni mchango, mlipie, na iwe siri yenu.

Tuombe: Bwana Yesu, Mchungaji mwema, unawaita kondoo wako kila mmoja kwa jina lake. Tukumbushe wema tuliotendewa tukiwa vijana. Tuondolee majivuno, na waliovunjika moyo uwape ujasiri wa kuja. Tukikutana, tupokeane kama ulivyotupokea wewe. Amina.