Kukaa Karibu na Kukaa Pamoja

Mwanadamu huzaliwa katika nyumba asiyoichagua, lakini akili yake huweza kumtuma kutafuta nyumba nyingine. Mpenda elimu, na mwenye hamu ya kuunda kitu kwa mkono wake, aghalabu huwatamani wenzake kama mwenye njaa atamanivyo chakula. Basi ni haki kuuliza: je, watu wasio wa damu moja waweza kufanya nyumba moja kwa sababu ya udadisi tu? Na kama waweza, ni kifungo gani kiwashikacho?

Nchi ya Shinyanga na Geita, pamoja na jirani zake, ina majibu matatu, nayo hayafanani.

Jibu la kwanza ni la kale. Mwaka 1857 msafiri Richard Burton alipita Unyamwezi, akaona katika vijiji nyumba za baraza zilizoitwa iwanza: moja ya wanaume, ambamo hata mgeni alipokewa, na nyingine ya wanawake. Usukumani palikuwa na shikome, moto wa jioni ambao wazee na vijana waliuzunguka kwa hadithi, vitendawili na mashauri. Palikuwa pia na vyama vya ngoma. Bagika na Bagalu walishindana kwa uchezaji, nao Bayeye walijifunza tabia za nyoka na dawa za sumu yao. Katika vyama hivyo hamu ya kujua ilikuwa ni udugu.

Jibu la pili ni la dhahabu. Katika machimbo madogo ya Geita, kama Nyarugusu na Rwamagasa, watu wa makabila mengi hulala chini ya turubai moja na kushuka katika duara moja. Uhai wa aliye chini umo mkononi mwa aliye juu. Lakini mawe yakisha kugawanywa kwa mifuko, kila mtu huweza kushika njia yake. Umoja wao ni wa kweli, ila kikomo chake ni mfuko.

Jibu la tatu ni la amri. Mwishoni mwa 1973 serikali ilitangaza kwamba wakulima wote wa Tanzania Bara wawe wamehamia vijijini kabla ya mwaka 1976 kwisha. Katika Operesheni ya 1974, watu wengi wa Shinyanga walihamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika, wakapangwa kwa mistari. Nyumba zilikaribiana, nyoyo hazikuweza kupangwa kwa kamba. Hapo ilidhihirika kuwa kukaa karibu si kukaa pamoja.

Yamkini mtu atasema kuwa nyumba ya wadadisi haihitaji sheria, maana elimu haipungui kwa kugawanywa kama dhahabu ipunguavyo. Maneno hayo ni nusu ya kweli. Elimu haipungui, lakini kuni hupungua. Vijana wa shikome walikusanya kuni na samadi kavu kabla ya kusikia neno la mzee. Moto ulitangulia hekima. Mwenye fikra nzuri aliyemwachia mwenzake mtungi na ufagio kila siku hakuchangia nyumba, bali amepanga ndani ya jasho la mwingine. Katika vitu vinavyokwisha, wote sharti wawe sawa. Katika vitu visivyokwisha, kila mmoja na awe huru. Na uhuru huo una chumba chake cha upweke: wimbo hushangiliwa na wengi, lakini mara nyingi humjia mtunzi akiwa peke yake.

Imebaki hatari iliyo kubwa zaidi. Nyumba inayochagua watu wake huchagua pia wa kuwafungia nje. Shikome ilikuwa ya wanaume. Udadisi wa binti ulibaki nje ya mwanga wake, na hakuna ajuaye ni fikra ngapi zilizimika katika giza hilo. Watu wenye akili wanaojifungia wao kwa wao hawana tofauti na mchimbaji aliyeficha jiwe lake, ila yeye alikuwa na hofu ya kupungukiwa, nao hawana.

Hiari hukutanisha, kazi hushikamanisha, na mlango ulio wazi hutakasa. Nyumba iliyokosa moja katika haya matatu yaweza kuwa na paa zuri na watu mahodari, lakini moto wake utawaota wachache, na asubuhi patabaki majivu.