Thamani ya Daisy

Riwaya ya The Great Gatsby, aliyoitoa Mmarekani F. Scott Fitzgerald mwaka 1925, haijaacha kuwahitilafisha wasomaji. Wapo wamwoneao huruma Gatsby, mtoto wa maskini aliyechuma mali kwa pombe ya magendo ili ampate tena Daisy, mke wa tajiri Tom Buchanan. Wapo wamlaumuo Daisy: ndiye aliyeendesha gari lililomuua Myrtle, Gatsby akajitwika lawama na kuuawa, naye hata mazikoni hakufika. Wengine huwakataa wote: waongo na wabadhirifu, wa nini kusomwa?

Makundi haya, pamoja na ugomvi wao, huuliza jambo moja: je, Daisy alistahiki gharama ile? Naona swali lenyewe ni la sokoni. Aulizaye thamani ya mpendwa amekwisha kumtia mizanini.

Tulitazame ombi la Gatsby pale hotelini New York. Hakutosheka kupendwa, alimtaka Daisy atamke kwamba hakupata kumpenda Tom hata siku moja. Alitaka ifutwe miaka ya ndoa yake, ingawa mtoto amezaliwa humo. Daisy alijaribu, akashindwa, akakiri kwamba aliwapenda wote wawili. Katika kitabu chenye uongo mwingi, hilo lilikuwa neno la kweli, na ndilo Gatsby asiloweza kulistahamili.

Basi kosa lake si kutafuta mali, bali ni kupenda kwa namna ya mwenye mali. Nasi tumhukumupo Daisy kwa kutolingana na ndoto ya mtu mwingine, tusijidhani tuko mbali naye.