Upepo Umeandikwa, Piga Hesabu

Wewe wa Kasongo na wewe wa Kabambare, mnaochajisha simu mchana ili jioni mcheze Golf Clash, ule mchezo wa gofu wa kwenye simu, acheni kuulaumu upepo. Mpira ukiangukia mchangani, kelele ni ile ile: "Upepo umenionea!" Haujakuonea. Mshale wake na namba yake vilikuwa mbele ya macho yako kabla hujagusa mpira. Ni mpinzani gani mwingine anayekuambia mapema atatokea upande gani na ana nguvu kiasi gani?

Mpiga kasia wa Lualaba hangoji mto usimame. Akitaka kutua Kasongo-Rive, anaelekeza pua ya mtumbwi juu ya mto, na maji yenyewe yanamshusha hadi anapotaka. Mgeni atadhani amepotea njia. Nawe fanya vivyo hivyo: upepo ukivuma kwenda kulia, peleka shabaha kushoto, uuachie upepo kazi ya kuurudisha mpira.

Kwa kiasi gani? Hapo ndipo wengi wanaangukia, maana wanakisia. Usikisie! Shabaha ya mchezo ina maduara, moja ndani ya jingine. Shika fimbo moja, piga mpira wa mbali kabisa bila kusahihisha kitu, utazame umekwenda pembeni maduara mangapi. Tuseme upepo wa 6 umeupeleka maduara 2. Basi kwa fimbo hiyo kila duara limebeba 3: upepo wa 9 utadai maduara 3, wa 4.5 utadai moja na nusu. Ni kugawanya tu, hesabu ya shule ya msingi. Andika kwenye kaye. Kesho shika fimbo nyingine uanze upya, kwa sababu kila fimbo ina kipimo chake, na ukiipandisha daraja kipimo kinabadilika. Ukipiga karibu kuliko uwezo wa fimbo, punguza marekebisho. Upepo wa usoni unakula urefu, kwa hiyo lenga kupita shimo. Wa mgongoni unasukuma, lenga kabla yake. Ukija mshazari, vuta shabaha moja kwa moja kinyume cha mshale.

Mtu ataniambia: wenzetu wa mijini wana fimbo nzuri, wamezinunua. Na wazinunue! Mchezo huu una wenyewe. Kampuni ya Playdemic ya Uingereza iliutoa mwaka 2017, na mwaka 2021 Electronic Arts ya Marekani ikainunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 1.4. Bei ya namna hiyo haitoki kwa wachezaji wanaocheza bure. Inatoka kwa wale wanaolipia sarafu na masanduku kwa kukosa subira. (Wenye mchezo hawatanipenda kwa kusema hivi, lakini faranga zako zina kazi nyingine.) Fimbo ya bei kubwa mkononi mwa asiyehesabu inaupoteza mpira mbali zaidi, basi.

Najua mega ni ghali. Najua kuna jioni mtandao unalala kabla yako. Lakini kaye haihitaji mtandao, na biki haihitaji umeme. Saa ile ambayo simu imezima ndiyo saa ya kukaa na namba zako: fimbo hii inabeba ngapi, ile inabeba ngapi, wapi nilikosa na kwa maduara mangapi. Mchezaji mwenye simu iliyopasuka kioo na kurasa tatu za namba zake mwenyewe, mimi ningeweka dau kwake kuliko kwa yule mwenye simu mpya anayepiga kwa kubahatisha.

Basi leo usiku soma namba, gawa, sogeza shabaha, piga. Mpira ukikosa, rekebisha kipimo kwenye kaye na unyamaze. Halafu mtafute yule aliyekushinda wiki iliyopita, umwombe mchezo mwingine.